Jinsi ya kupanga mfumo wa pointi kwa msimu wa mbio za jangwani

Ukiangalia kwa haraka, kazi hii inaonekana ya dakika kumi: mshindi 25, wa pili 18, wa tatu 15, basi. Mbio za uwanjani zinavumilia hesabu hiyo kwa sababu magari mengi yanayoanza humaliza. Jangwani sivyo. Katika Baja 1000, inayokimbiwa kwenye rasi ya Baja California nchini Meksiko tangu 1967, gari hupita mchana na usiku juu ya mawe, mchanga laini na mikondo mikavu ya mito, na sehemu kubwa ya wanaoanza hawafiki. Anayeshika nafasi ya kumi na mbili huenda amefungua giaboksi gizani akiwa na tochi mdomoni. Jedwali linalompa sifuri linamwambia asirudi mwakani, na timu za namna yake zikiacha kurudi, msimu wako unabaki na matajiri watano wanaofukuzana wenyewe.

Kwa hiyo mwongozo huu una upande wake: jangwani, kufika ni mafanikio na lazima kulipwe, lakini kusilipwe kiasi cha kumfanya dereva aone hakuna haja ya kushinda. Kazi yote iliyo hapa chini ni kutafuta mizani hiyo.

Kwa mifano nitatumia ratiba ya raundi nne kama ile ya SCORE, shirika linaloandaa mbio za huko Baja: San Felipe 250, Baja 500, Baja 400 na Baja 1000. Namba hizo ni maili kwa makadirio, na njia hubadilika. Jedwali la pointi ni langu, si la SCORE.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kukituza

Kabla ya kugusa namba, andika kwa maneno nani anastahili kuwa bingwa. Usiandike "dereva bora", maana hilo halipimiki. Andika kwa kulinganisha watu wawili. Mfano wangu: dereva aliyeshinda raundi mbili na kuharibikiwa mbili asimshinde aliyemaliza wa pili mara nne. Lakini dereva huyo huyo awe juu ya aliyemaliza wa tano mara nne. Na yeyote aliyefika, hata akiwa wa mwisho, apate zaidi ya yeyote ambaye hakufika.

Sentensi hizi tatu ndizo zitakazoamua namba. Wapelekee madereva, mafundi na wadhamini wazijadili sasa, wakati hakuna anayejua nani atafaidika nazo.

Hatua ya 2: Jenga jedwali kutokana na sentensi hizo

Tuwaite madereva wawili Mkali na Mtulivu. Mkali ameshinda mara mbili na kuishia njiani mara mbili; Mtulivu amekuwa wa tatu mara zote nne. Ukitumia jedwali la zamani la Formula 1, la 10-6-4-3-2-1, Mkali anapata 20 na Mtulivu 16. Ukitumia la sasa, linaloanza 25-18-15, Mkali anabaki na 50 na Mtulivu anafika 60. Madereva ni wale wale na matokeo ni yale yale, ila bingwa amebadilika. Ndiyo maana kunakili jedwali la mchezo mwingine ni hatari: unachukua na uamuzi wa watu wengine bila kujua waliamua nini.

Sasa geuza sentensi za Hatua ya 1 ziwe hesabu. Kama ushindi mara mbili usizidi nafasi ya pili mara nne, basi nafasi ya pili lazima iwe zaidi ya nusu ya ushindi. Kama ushindi mara mbili uzidi nafasi ya tano mara nne, nafasi ya tano iwe chini ya nusu. Jedwali hili linatimiza yote mawili:

60, 48, 40, 34, 29, 26, 23, 21, 19, 17, 16, 15, 14, 13, 12, 11, kisha 10 kwa kila gari jingine litakalomaliza ndani ya muda.

Likague. Mkali ana 120 kwa ushindi wake wa mara mbili, pamoja na pointi chache za safari alizoishia njiani, ambazo tutazifikia. Tuseme jumla 128. Wa tano mara nne ana 116. Wa nne mara nne ana 136. Mkali ameangukia kati ya hao wawili, mahali ambapo mimi binafsi ningemweka. Wewe ukiona anastahili kuwa juu zaidi, teremsha nafasi ya nne na ya tatu. Ukiona anastahili adhabu kubwa zaidi kwa kuvunja gari mara mbili, zipandishe. Gusa sehemu hiyo ya katikati tu. Pengo kati ya wa kumi na nne na wa kumi na tano halimnyimi mtu usingizi.

Angalia pia pengo la juu kabisa. Hapa ni pointi 12 kati ya wa kwanza na wa pili, kubwa kuliko pengo lolote linalofuata. Likiwa dogo, anayeongoza msimu ataanza kuendesha kwa kulinda gari tangu raundi ya pili, na watazamaji waliolala jangwani kumsubiri hawatamwona akishindana.

Hatua ya 3: Amua thamani ya safari isiyokamilika

Katika mbio za maili elfu moja, aliyeishia maili 20 na aliyeishia maili 800 hawakufanya kazi moja. Wape wote wawili kitu, lakini kidogo. Napendekeza pointi 1 kwa aliyevuka mstari wa kuanzia, 2 kwa aliyefika robo ya njia, 4 kwa aliyefika nusu, 6 kwa aliyefika robo tatu. Pointi hizi hazijumlishwi. Kila mtu anachukua ile ya juu aliyoifikia. Umbali unathibitishwa na kifaa cha GPS kilichofungwa garini, si kwa maelezo ya dereva.

Mkataba wa sentensi ya tatu umelindwa: 6 ni chini ya 10, hivyo aliyefika wa mwisho bado yuko juu ya aliyeharibikiwa akiona taa za mji. Hilo linaweza kuonekana la ukatili kwa huyo wa pili, lakini bila tofauti hiyo neno "kumaliza" linapoteza maana yake.

Tenganisha kwenye kanuni hali tatu ambazo watu huzichanganya. Hakuanza: sifuri. Hakumaliza: pointi za umbali. Ameondolewa kwa kuvunja kanuni: sifuri, na umbali wake haudaiwi.

Hatua ya 4: Hesabu madaraja, hasa yale madogo

Mbio za jangwani zina madaraja mengi sana. Baja huweka kwenye njia moja Trophy Truck yenye nguvu kubwa, pikipiki, magari mepesi ya wazi, na hata Volkswagen Beetle za kizamani za Class 11 ambazo haziruhusiwi kubadilishwa kwa kiasi kikubwa. Kila daraja liwe na ubingwa wake. Ukilazimisha jedwali moja la magari yote, utakuwa unalinganisha bajeti.

Ugumu unakuja pale daraja linapokuwa na magari matatu. Je, kuwashinda wawili kulipwe 60 sawa na kuwashinda ishirini? Suluhisho rahisi ni kushusha jedwali: walioanza wakiwa watano au zaidi, mshindi anapata 60, wakiwa wanne, anaanzia 48, wakiwa watatu au pungufu, anaanzia 40. Usishushe zaidi ya hapo. Dereva aliyesafirisha gari na kulipa ada hana kosa kwamba wenzake hawakuja.

Hesabu walioanza, kamwe si waliomaliza. Ukihesabu waliomaliza, raundi ngumu kuliko zote, ile iliyobakiza magari mawili, ndiyo itakayolipa kidogo.

Hatua ya 5: Pima uzito wa raundi ndefu

Hapa ndipo waandaaji wengi huvutwa na hisia. Kwa majina yao, Baja 1000 ni ndefu mara nne ya San Felipe 250, kwa hiyo iwe na pointi mara nne? Fuatana nami kwenye hesabu.

Dereva A ameshinda raundi zote tatu za kwanza: pointi 180. Dereva B amekuwa wa pili mara zote tatu: 144. Wanaingia Baja 1000, na A anavunjikiwa nusu ya njia.

Ukizidisha raundi hiyo kwa moja na nusu, pointi 4 za A za nusu ya njia zinakuwa 6, naye anafunga na 186. B anahitaji angalau nafasi ya tano, yenye 44, ili afike 188. Lazima akimbie vizuri. Ukizidisha mara mbili, A anafunga na 188, na B anatosheka na nafasi ya saba. Ukizidisha mara nne, A ana 196, na B anakuwa bingwa akiwa wa kumi na tatu. Raundi tatu alizoshindwa uso kwa uso zimefutwa na shafti moja iliyokatika kwa mwenzake.

Mimi nasimama kwenye moja na nusu. Raundi ndefu inakuwa na pointi 90 kati ya 270 zote za msimu, theluthi moja kamili. Kwa mara nne ingekuwa zaidi ya nusu. Mashindano ya Dunia ya Rally-Raid (mbio ndefu za nyikani ambapo dereva hutafuta njia mwenyewe), yaliyoanza 2022 chini ya FIA na FIM, mashirikisho ya kimataifa ya magari na ya pikipiki, hayako mbali na hapo: mshindi wa magari kwenye mbio za Dakar, raundi yake ndefu kuliko zote, huchukua 50, kwenye raundi za kawaida 30, kwa pikipiki ni 38 dhidi ya 25. Matokeo yake yalionekana mwaka 2024. Ricky Brabec wa Marekani alishinda Dakar kwa pikipiki, Ross Branch wa Botswana akawa wa pili, lakini msimu ulipokwisha taji la dunia lilikwenda kwa Branch. Dakar ilikuwa na uzito wake, ila haikumeza msimu mzima. Formula 1 nayo ilijaribu pointi mara mbili kwenye mbio za mwisho za 2014 huko Abu Dhabi, na kanuni hiyo haikuishi zaidi ya msimu mmoja.

Andika pia kwamba nusu pointi inapandishwa juu. Nafasi ya tano, 29 mara moja na nusu, ni 43.5, inakuwa 44. Usipoandika, kuna siku nusu hiyo itaamua taji.

Hatua ya 6: Kutupa raundi mbovu, au kutotupa

Misimu mingine huruhusu dereva kuondoa matokeo yake mabaya zaidi. Mfano unaojulikana ni Formula 1 ya 1988, ambapo raundi 11 bora tu kati ya 16 zilihesabiwa. Alain Prost alikusanya pointi 105 kwa jumla, Ayrton Senna 94, lakini Senna akawa bingwa kwa 90 dhidi ya 87. Kanuni ilijulikana tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa, lakini mtazamaji alihitaji kalamu na karatasi ili kuelewa.

Kwa msimu wa raundi nne, usitupe chochote. Robo nzima ya msimu ni kubwa mno kuitupa, na pointi za umbali tayari zimempoza aliyeharibikiwa. Kuanzia raundi sita, kutupa moja kunawasaidia wenye gari moja wasioweza kutengeneza injini ndani ya wiki tatu. Weka vizuizi viwili: sifuri ya kuondolewa haitupwi, na raundi ndefu haitupwi.

Hatua ya 7: Bonasi, kwa mkono mzito

Bonasi kila moja huonekana na busara ikiwa peke yake. Zikikusanyika, zinaweza kumpindua mshindi. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Rally (WRC) ya 2024, pointi kubwa ziligawanywa kwa msimamo wa Jumamosi jioni, aliyeongoza jioni hiyo akichukua 18, na nyingine zikatolewa kwa kasi ya Jumapili na kwa hatua ya mwisho (hatua ni kipande cha njia kinachopimwa muda). Huko Sweden mwaka huo Esapekka Lappi alishinda mashindano, akaondoka na pointi chache kuliko Elfyn Evans aliyekuwa wa pili. Mwaka uliofuata mfumo ulibadilishwa.

Bonasi ninayoitetea ni ya hatua, na kwa mashindano ya siku nyingi tu. Rally-Raid ya Dunia huwapa madereva wa magari watano wa kwanza wa kila hatua pointi 5 hadi 1. Faida yake ni kwamba aliyepoteza saa nne siku ya tatu bado ana sababu ya kuendesha kwa nguvu siku ya nne. Hatari yake ni hesabu: hatua 12 za pointi 5 ni 60, zaidi ya 50 za kushinda Dakar yenyewe. Ukiiga, weka kikomo: bonasi zote za raundi moja zisizidi pengo kati ya wa kwanza na wa pili. Katika jedwali letu ni 12. Kwa raundi ya siku moja, kama zile za Baja, usiweke bonasi hata moja.

Mpangilio wa kuanza nao ni bonasi, ingawa hauandikwi kwenye jedwali. Magari ya Baja huanza moja moja kwa kupishana, na matokeo hupangwa kwa muda uliotumika. Anayeanza mbele anaona njia. Wa nyuma anakula vumbi hadi asione mwamba. Ukimpa kinara wa pointi haki ya kuanza mbele kila raundi, umemlipa mara mbili. Pangeni kwa bahati nasibu, au fanyeni majaribio ya kasi. Kwenye rally-raid za kutafuta njia kwa kitabu cha maelekezo mambo hugeuka: anayefungua njia ndiye anayeteseka, na ndiyo maana Dakar, kuanzia 2023, humrudishia mwendesha pikipiki anayeongoza njia sekunde moja na nusu kwa kila kilomita.

Hatua ya 8: Adhabu ziwe za muda, na msaada urudishiwe muda

Aliyeruka kituo cha ukaguzi au kuzidisha mwendo kwenye eneo la makazi aongezewe dakika. Dakika zitamshusha nafasi, na nafasi itampunguzia pointi. Kumkata pointi moja kwa moja kubaki kwa utovu mkubwa wa nidhamu, kama kumpiga afisa au kudanganya ukaguzi wa gari.

Kipengele kinachofuata kiandike kwa herufi nzito kwenye kanuni zako. Anayesimama kumsaidia aliyeumia arudishiwe kila sekunde, kwa kusomwa kwenye GPS, bila kuomba wala kubishana. Dakar hufanya hivyo. Jangwani helikopta inaweza kuwa mbali sana, na mtu wa kwanza kufika ni mshindani wako anayekufukuzia pointi mbili. Mfumo wako usimfanye asite hata kidogo. Na anayepita mtu aliyelala chini bila kusimama aondolewe raundi hiyo.

Hatua ya 9: Pointi ni za nani?

Timu za Baja 1000 hubadilishana madereva njiani. Chagua: pointi zinakwenda kwa dereva mkuu aliyeandikishwa mwanzo wa msimu, au kwa namba ya gari. Nashauri dereva mkuu, kwa sharti kwamba ameendesha angalau robo ya njia ya kila raundi anayodai pointi. Msoma ramani apate jedwali lake mwenyewe, na pointi zimfuate yeye hata akihamia gari jingine. Dereva akihama daraja katikati ya msimu, pointi zake zinabaki zilipokuwa.

Hatua ya 10: Mambo mafupi ya kufunga mianya

Sare ivunjwe kwa idadi ya ushindi, kisha nafasi za pili, kisha matokeo ya raundi ndefu. Raundi ikikatishwa na mafuriko au dhoruba kabla kinara hajafika nusu ya njia, gawa nusu ya pointi. Baada ya hapo, zote. Muda wa mwisho wa kumaliza utangazwe kabla ya kuanza na usiongezwe kwa ajili ya mtu mmoja.

Hatua ya 11: Jaribu kwa matokeo ya kweli

Tafuta matokeo ya misimu miwili iliyopita, yako au ya wengine, uyaingize kwenye lahajedwali na kukokotoa kwa jedwali lako. Tazama mambo matatu. Bingwa ni mtu ambaye washindani wenyewe wangekubali? Taji lilikuwa bado wazi kabla ya raundi ya mwisho, walau kati ya wawili? Timu ya kumi bado ilikuwa na kitu cha kugombea, nafasi tatu au nne juu au chini yake?

Kisha fanya jaribio la udanganyifu. Mpe mtu mjanja kanuni zako jioni nzima na umwombe atafute njia ya kufaidika kwa kumaliza vibaya, kwa kutokuja, au kwa kuleta magari ya uongo ili daraja lifike watano. Hilo la mwisho hutokea: gari bovu linasukumwa hadi kwenye mstari, linavuka, linazimwa. Dawa yake ni kumhesabu kuwa "ameanza" yule tu aliyefika kituo cha kwanza cha ukaguzi. Sharti hilo ni la kuhesabu daraja peke yake. Pointi 1 ya kuvuka mstari ibaki kama ilivyo kwa dereva wa kweli aliyeharibikiwa mapema.

Hatua ya 12: Tangaza na ufunge

Chapisha kanuni kabla ya kufungua uandikishaji wa raundi ya kwanza, pamoja na mfano mmoja uliokokotolewa mwanzo hadi mwisho, ili dereva ajihakikishie mwenyewe. Baada ya kila raundi toa matokeo ya awali, acha saa 48 za malalamiko ya maandishi, halafu weka matokeo rasmi na msimamo siku hiyo hiyo, ukionyesha kwa kila dereva pointi za nafasi, za umbali na adhabu kwenye safu tofauti. Ukigundua kasoro kwenye jedwali katikati ya msimu, iandike kwa ajili ya mwakani na uendelee na lililopo; isipokuwa kasoro hiyo inahatarisha usalama, ambapo unairekebisha mara moja na kuwajulisha wote kwa maandishi kabla ya raundi inayofuata.